Mchoraji wa Wildfell Hall

Katika riwaya nyingi za mapenzi, mhusika akiwa mchoraji, uchoraji wake huwa pambo tu. Ana chumba chenye dirisha kubwa, ana vidole vyenye madoa ya rangi, anamtazama mpenzi wake kwa jicho linalopenya. Lakini hatuambiwi rangi hizo zimenunuliwa kwa fedha gani, wala picha ya mwezi uliopita ilichukuliwa na nani. Mnyang'anye brashi umpe gitaa, hadithi itaendelea vilevile. Ndiyo maana ninaiheshimu sana riwaya moja ya Kiingereza iliyotoka Juni 1848, The Tenant of Wildfell Hall ya Anne Brontë. Humo ukimnyang'anya mhusika mkuu, Helen, brashi, hadithi yote inasimama. Na yupo mtu anayejaribu kufanya hivyo hasa, kama tutakavyoona.

Anne alikuwa na umri wa miaka 28, na kitabu kilitoka katika juzuu tatu kwa jina la bandia, Acton Bell. Mwaka uliotangulia dada yake Charlotte alikuwa amewatikisa wasomaji kwa Jane Eyre, na Jane naye anachora, tena vizuri. Ila Jane anachora kama walivyotarajiwa kuchora walimu wa kike wa majumbani zama zile; mkate wake unatokana na ualimu. Anne alithubutu zaidi: alimuumba mwanamke anayekula kwa picha zake.

Mwanamke huyo, Helen, anahamia katika jumba kuukuu la mawe, yeye na mwanawe mdogo na mtumishi mmoja, Rachel. Amevaa nguo za ujane na anajiita Bi. Graham. Majirani wanawashwa kujua katoka wapi. Gilbert Markham, mkulima kijana wa jirani, anamtembelea akiwa na dada yake Rose, na kwa kuwa siku hiyo sebuleni hakujawashwa moto, wanakaribishwa katika chumba cha kazi. Hiyo ni sura ya tano, na kwangu ni mojawapo ya sura zilizosukwa vizuri kuliko zote katika riwaya za mapenzi za karne ile.

Tazama Anne anavyoipanga. Kwanza tunaona vitu: kiunzi cha kuchorea, mabunda ya turubai, chupa za mafuta na vanishi, ubao wa kuchanganyia rangi, brashi. Viti vimefunikwa na zana, hata wageni hawana pa kukaa mpaka mwenyeji aondoe vitu. Kisha Helen anakaa karibu na kiunzi chake, na wakati mazungumzo yakiendelea anaitupia picha jicho mara kwa mara na kuigusa kwa brashi, kama mtu asiyeweza kuiachisha akili yake kazi hata kwa dakika chache za adabu. Anne haandiki kwamba Helen anaipenda kazi yake. Anauonyesha mkono tu, nasi tunajua. Gilbert naye anajua, na bila kutambua anaanza kumpenda mwanamke ambaye mawazo yake hayako kwake.

Picha iliyo kwenye kiunzi inaonyesha jumba lenyewe, Wildfell Hall, asubuhi na mapema. Gilbert anashangaa kuona imepewa jina la mahali pengine kabisa, Fernley Manor, Cumberland. Helen anakiri kwamba wapo watu asiotaka wajue anapoishi, na wanaweza kuiona picha na kuutambua mkono wake, kwa hiyo ametia pembeni herufi za uongo pia. Mtoto, kwa unyoofu wa watoto, anamalizia kwamba mama yake hupeleka picha zote London, huko kuna mtu anayeziuza na kuwatumia fedha.

Hapo ndipo ninaposimama kila ninaposoma. Mwandishi wa kawaida angehitaji sura nzima, pengine na machozi, kutueleza kwamba mwanamke huyu yuko mafichoni na anajitegemea. Anne amemaliza kwa jina la uongo kwenye picha na sentensi ya mtoto. Tena hatari ameiweka ndani ya ustadi wenyewe: kadiri Helen anavyochora vizuri, ndivyo mkono wake unavyotambulika kwa urahisi. Anahitaji kuwa hodari ili ale, na uhodari huohuo unaweza kumfichua.

Tatizo lake si la kubuni. Chini ya sheria ya Uingereza ya wakati ule, alichopata mke kwa jasho lake kilikuwa mali ya mumewe. Helen si mjane. Amemtoroka mume mlevi na mzinzi, Arthur Huntingdon, ili amwokoe mwanawe. Kila turubai inayouzwa London ni mali ya Huntingdon kisheria. Sheria ya mwaka 1870 ndiyo iliyompa mke haki ya kumiliki mapato ya kazi yake, na ile ya 1882 ikapanua haki hiyo hadi mali yake kwa jumla. Anne alikuwa amefariki zamani, Mei 1849 huko Scarborough, akiwa na umri wa miaka 29.

Katika sura hiyohiyo ya tano Gilbert anafanya utovu wa adabu. Helen ametoka chumbani. Kijana anaona picha imegeuzwa uso ukutani, anaigeuza. Ni mwanamume kijana, mzuri wa sura. Helen anarudi, anamnyang'anya, anairudisha gizani na kumkatalia katakata asiulize lolote. Gilbert ameumia, lakini anakubali.

Sasa kiweke kitendo hicho kando ya kingine. Baadaye Gilbert anapewa shajara ya Helen, na humo tunamkuta akiwa msichana, Huntingdon akiwa bado mchumba mwenye maneno matamu. Helen anawaonyesha wageni michoro yake. Huntingdon anaigeuza na kukuta upande wa nyuma alama za penseli ambazo hazikufutika vizuri: ni uso wake mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuchora anajua jinsi penseli inavyobaki kwenye karatasi hata baada ya kufutwa. Siri ya moyo imevuja kwa njia ya kiufundi kabisa. Baadaye anapata na picha yake ndogo iliyokamilika, anaichukua, anakataa kuirudisha, anaringa nayo. Helen anapoipata mwishowe anaichana na kuitupa motoni.

Wanaume wawili, na wote wawili wamegeuza picha ambayo hawakukaribishwa kuiona. Anne hakumpa Gilbert tabia ya malaika. Tofauti ni kwamba mmoja, akiambiwa hapana, anaacha, na mwingine anajitafuta ndani ya kazi ya mwanamke, na akijikuta humo anadai kwamba kazi ni yake. Sijaona mizani ya wapenzi iliyo sahihi kuliko hii.

Hilo linatupeleka kwenye moto. Ndoa ikiwa imeoza, Helen anachora maktabani akijifunza kwa bidii ili siku moja auze picha na kwenda kuishi Marekani na mwanawe. Huntingdon anaisoma shajara yake, anagundua mpango. Anazichukua rangi, brashi na ubao na kuzitupa motoni. Mafuta na tapentaini vinanguruma hadi juu ya bomba la moshi. Hampigi. Hahitaji, kwa sababu ameelewa kuliko msomaji mzembe kwamba zana hizo ndizo mlango wa kutokea. Anne anaeleza tukio hili kwa sauti ya chini, kitu baada ya kitu, bila kupiga kelele. Ukijua kwamba kaka yake Branwell alisomea uchoraji wa sura za watu, akafungua chumba cha kazi Bradford mwaka 1838 bila kufanikiwa, kisha akazama katika pombe humohumo nyumbani kwao Haworth, unaelewa mwandishi huyu alijua harufu ya rangi na ya ulevi pia. Naye mwenyewe alichora. Baadhi ya michoro yake imehifadhiwa.

Kuna pahali ananipungukia. Helen akisharudi kumuuguza mumewe, na hasa anaporithi mali, brashi inaonekana kwa nadra mno. Ningependa kumwona akichora tena, safari hii akiandika jina la kweli la mahali. Lakini sehemu ya kwanza inafidia upungufu huo wa sehemu ya mwisho. Ile safari ya pwani, kundi zima likitazama bahari kutoka juu ya majabali, Helen amejitenga na kuchora, Gilbert kajisogeza karibu na macho yake yanahama kutoka kwenye mandhari hadi kwenye mkono ulioshika penseli: huo ni upendo unaoandikwa bila neno upendo.

Ukitaka kuisoma, chunga nakala. Baada ya Anne kufariki, mwaka 1854 ilitolewa chapa ya bei nafuu iliyokatwakatwa, na wachapishaji wengi waliofuata waliinakili hiyohiyo. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa kwanza: kitabu kamili huanza na barua fupi ya Gilbert kwa rafiki yake Halford. Kama barua haipo na unaingia moja kwa moja katika vuli ya mwaka 1827, irudishe rafuni, utafute nyingine.