Sri Sri na Mizani Mbili

Kwa msomaji wa mashairi ya Kitelugu, lugha ya mamilioni ya watu wa kusini-mashariki ya India, jina la Sri Sri halihitaji kuelezwa. Huyu ni Srirangam Srinivasa Rao, aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa bandari wa Visakhapatnam, akafariki Madras mwaka 1983. Kitabu chake Mahaprasthanam, yaani Safari Kuu, kilichochapwa mwaka 1950, huhesabiwa miongoni mwa vitabu vilivyogeuza mwendo wa ushairi wa lugha hiyo. Lakini katika mwaka huo huo mshairi huyu aliingia kazi ya kutunga maneno ya sinema kwa ujira, akaishika kwa miaka mingi. Ni rahisi basi kumgawa mtu mmoja sehemu mbili: mshairi wa kusifiwa na mtunga nyimbo wa kusamehewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawo huo unaharibu maana ya kazi zake zote mbili.

Yafaa kwanza ijulikane ni sheria gani aliyoivunja. Ushairi wa Kitelugu wa kale hupimwa kwa urefu na ufupi wa silabi, nazo hupangwa katika mafungu yaliyowekwa tangu zamani. Juu ya hayo kuna kanuni mbili za sauti. Ya kwanza huitwa yati: sauti inayoanza mstari lazima irudiwe mahali maalumu ndani ya mstari ule ule. Ya pili huitwa prasa: konsonanti ya silabi ya pili ya kila mstari lazima ilingane na za mistari wenzake. Mtu aliyezoea vina vyetu vya kati na vya mwisho ataona kwamba kina cha Kitelugu hukaa karibu na kichwa cha mstari, hali chetu hukaa kiunoni na mkiani. Gurajada Apparao, aliyefariki mwaka 1915, alikuwa amekwisha legeza kamba hizi kwa kutumia mapigo mepesi yaliyo karibu na nyimbo za watu. Sri Sri, ambaye kitabu chake cha kwanza, Prabhava, kilitoka mwaka 1928 alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, aliifuata njia ya Gurajada katika miaka ya 1930, akaipita. Aliliondoa shairi katika majumba ya wafalme na miungu akalipeleka kwa mchukuzi wa mizigo, kwa mfanyakazi wa kiwandani na kwa mtu asiye na kazi. Tena akalipa mwendo wa miguu inayotembea kwa pamoja.

Hapo ndipo neno gumu linapotokea. Mashairi yale yalisema habari za watu wasioweza kuyasoma. Katika hesabu ya watu ya India ya mwaka 1951, waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 18 katika kila 100. Kwa hiyo kitabu cha Safari Kuu, hata kikisifiwa namna gani, kilisomwa zaidi na wanafunzi, waalimu na makarani. Mchukuzi aliyetajwa ndani yake hakuwa mchukuzi wa kukifungua. Mshairi anayemtetea mnyonge kwa lugha ya maandishi mbele ya wasomi ametenda jambo jema, lakini hajazungumza na mnyonge mwenyewe. Sinema haikutaka mtu ajue kusoma. Ilitaka awe na masikio na nauli ya tikiti.

Siku hizo sinema za Kitelugu zilitengenezwa zaidi Madras. Kazi iliyomwingiza Sri Sri humo ilikuwa ngumu kupita zote. Mwaka 1950 alitunga mazungumzo na nyimbo za Ahuti, picha ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kitelugu, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika lugha yake. Anayetia sauti katika picha iliyokwisha kupigwa hana uhuru wa kuchagua urefu wa sentensi. Mdomo wa mwigizaji ukifumba kwa herufi kama p, b au m, neno jipya nalo litafute herufi ya kufumba mdomo. Mwigizaji akinyamaza, mtunzi hunyamaza. Hii ni mizani kali kuliko yati na prasa, maana kanuni za kale zilimwachia mshairi angalau maana yake. Basi yule aliyekataa sheria za wahenga alikuja kutii midomo ya watu asiowajua. Je, alijigeuka? Sidhani. Sheria ya kwanza aliikataa kwa sababu ilikuwa ukuta baina yake na watu. Ya pili aliikubali kwa sababu ilikuwa mlango.

Katika nyimbo za sinema za kawaida sharti kubwa lilikuwa mahadhi. Mara nyingi mtunza muziki huleta sauti kwanza, kisha mtunzi hutafuta maneno ya kuijaza. Sisi wa pwani hatuwezi kulishangaa jambo hili. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa kuimba maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya sinema za Kihindi, na baadhi ya maneno hayo yalitungwa na Ahmad Nassir, mshairi ambaye hakuna amwitaye mdogo kwa sababu hiyo. Kazi ya kujaza sauti ya mtu mwingine hupima jambo ambalo kitabu hakilipimi: je, neno la mtunzi lina uzito wa kutosha hata likisikiwa mara moja tu, bila ukurasa wa kurejea?

Sri Sri alifaulu mtihani huo kwa njia tofauti. Katika Velugu Needalu ya mwaka 1961 alitoa wimbo unaomwita Mhindi aimbe kwa furaha ya uhuru, kisha ukamwonyesha kwamba ubinafsi na ulaji wa rushwa vimeubakiza uhuru huo nusu. Katika Doctor Chakravarthy ya mwaka 1964 alitunga wimbo wa mapenzi uliodumu sana, juu ya bahati ya kupata mwenzi ambaye moyo wake unaungana na moyo wako. Maneno yake ni mepesi, ya nyumbani. Mhakiki asiutafutie mapinduzi, lakini aone kwamba wepesi ule ni wepesi ule ule alioupigania katika ushairi: neno la kila siku limeaminiwa kubeba jambo zito.

Wimbo wa mwaka 1974 katika Alluri Seetarama Raju ndio unaoleta mashaka. Picha hiyo yahusu kiongozi wa uasi wa Rampa wa miaka 1922 hadi 1924, aliyeuawa na Waingereza. Wimbo huo unamwita shujaa wa Kitelugu ainuke, nao ulimpatia Sri Sri tuzo ya taifa ya maneno ya wimbo, ya kwanza kwa mtunzi wa Kitelugu. Lakini miaka minne kabla yake, mwaka 1970, Sri Sri alikuwa amechaguliwa rais wa kwanza wa Virasam, chama cha waandishi wa mapinduzi waliokuwa wakiipinga serikali iliyokuwa madarakani. Serikali ikatunza wito wa kuinuka uliomlenga adui aliyekwisha kuondoka nchini miaka 27 nyuma. Hapa mipaka ya sinema yaonekana wazi: hasira iliruhusiwa, mradi mwenye kuchukiwa awe hayupo. Hili ni kosa la soko na la wakubwa, lakini mtunzi naye alilijua soko aliloliingia. Wimbo wa mwaka 1961, uliosema na watawala waliokuwapo, ni wa ujasiri zaidi ijapokuwa sauti yake ni ya chini.

Mwisho wa safari ulikuwa na jambo la ajabu. Mwaka 1981 K. Balachander alitoa Aakali Rajyam, yaani Ufalme wa Njaa, ambamo kijana msomi asiye na kazi anatamka mashairi ya Sri Sri katika mitaa ya Delhi. Mashairi ya kitabu yaliingia sinema yenyewe, bila kupimwa kwa midomo wala mahadhi ya mtu. Nadhani hayangeingia kwa urahisi namna hiyo kama masikio ya watazamaji hayangekuwa yamezoezwa kwa miaka thelathini na sauti ya mtu yule yule.

Kwetu, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, kilichochea ugomvi mrefu juu ya vina na mizani. Mfano wa Sri Sri watufundisha kuuliza swali la pili baada ya lile la kanuni: shairi hili litafikaje kwa mtu linayemsema? Anayekisoma Mahaprasthanam bila kuzisikiliza nyimbo amelipata swali la Sri Sri, lakini hajasikia alivyojaribu kulijibu.