Gramu za Merckx, hewa ya Moser

Katika mbio za baiskeli, rekodi ya saa moja haina mahali pa kujificha. Mtu mmoja, gia moja, hakuna breki, uwanja wa kuzunguka, dakika 60, basi. Tarehe 25 Oktoba 1972, mjini Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431, na kwa zaidi ya miaka 11 hakuna aliyemfikia. Januari 1984, katika mji uleule, Mwitalia Francesco Moser aliivunja rekodi hiyo mara mbili ndani ya siku tano: kilomita 50.808 tarehe 19, kisha 51.151 tarehe 23. Walioona picha zake waliuliza kwanza habari za magurudumu. Yalikuwa sahani mbili nzima, hayana spoku hata moja.

Ili kuelewa sahani zile, mtazame kwanza Merckx. Fundi wake, Ernesto Colnago, alimtengenezea baiskeli isiyofikia kilo 6. Chochote kilichoweza kutobolewa kilitobolewa, hata cheni. Kazi safi kabisa, na mpaka leo ukiiona baiskeli ile unavutiwa nayo. Ila juhudi zote zile zilielekezwa kwa adui mdogo. Uzito unakudai pale unapoondoka, maana ni lazima uusukume mpaka ushike kasi, na unakudai tena ukipanda mlima. Uwanjani hakuna mlima, na katika saa nzima mwendeshaji anaondoka mara moja tu. Akishafika kilomita 50 kwa saa, gramu za kwenye ringi hazimgharimu karibu chochote. Nguvu zake karibu zote zinaliwa na hewa.

Na hewa haimli kwa usawa. Gurudumu linapoviringika, sehemu inayogusa chini imesimama kwa nukta hiyo, na sehemu ya juu kabisa inakwenda mbele kwa kasi maradufu ya baiskeli. Moser alipokuwa akienda kilomita 51 kwa saa, juu ya tairi lake palikuwa panakwenda 102. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Sasa weka pale juu spoku 28 au 36, kila moja ikichapa hewa kwa zamu, na gurudumu lenyewe likizunguka karibu mara saba kwa sekunde. Umejitengenezea pangaboi, na umeme wake unautoa mapajani mwako. Sahani haiondoi hewa njiani, kwa kuwa tairi na ringi bado vinaipasua. Inachofanya ni kuiacha iteleze ubavuni bila kukorogwa.

Magurudumu hayo yalibuniwa na Profesa Antonio Dal Monte, mtaalamu wa sayansi ya michezo wa Italia. Aliyachonga kwa umbo la lenzi: manene katikati kwenye habu, membamba kadiri yanavyokaribia tairi. La mbele lilikuwa dogo kuliko la nyuma, ili kifua cha Moser kishuke zaidi, na mikono ya baiskeli ilikatwa ikaelekezwa mbele kama pembe.

Kanuni je? Wakati ule zilikataza kubandika kitu ambacho kazi yake ni kupunguza upepo tu. Ukichukua gurudumu la spoku ukalivisha kifuniko, umekosa. Jibu la Waitalia lilikuwa kwamba hapa hakuna kilichofunikwa. Sahani ndiyo inayobeba uzito kutoka habu hadi ringi, kwa hiyo ni kiungo cha baiskeli na si pambo lake. Wakubwa wa mchezo wakakubali. Ni hoja ya kiwakili, lakini fundi yeyote atakuambia pia ni ya kweli: ing'oe sahani, na gurudumu halipo tena.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo sifa za sahani hutiwa chumvi. Kutoka 49.431 hadi 51.151 ni ongezeko la asilimia tatu na nusu hivi. Linaonekana dogo. Lakini nguvu inayohitajika kushinda hewa hukua kwa kasi iliyozidishwa mara tatu kwa yenyewe, hivyo Moser alipaswa kupata karibu asilimia 11 mahali fulani: ama nguvu zaidi miguuni, ama hewa ndogo zaidi mbele yake. Mwinuko wa Mexico City, mita 2,240 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko pwani, tuuweke kando. Merckx naye aliupata. Inabaki miguu, mkao na magurudumu. Sehemu kubwa ya ukinzani hutokana na mwili wa mpandaji, wala si chuma anachokipanda, kwa hiyo sahani peke yake haziwezi kulipa asilimia zote hizo. Mkao ulilipa sehemu, na damu pia: miaka mingi baadaye Moser mwenyewe alikiri kwamba aliongezewa damu, jambo ambalo mwaka 1984 lilikuwa halijapigwa marufuku. Anayesema magurudumu ndiyo yaliyovunja rekodi anaficha nusu ya hadithi.

Hata hivyo yalikuwa na kazi yao, na miezi michache baadaye yakaonekana barabarani. Siku ya mwisho ya Giro d'Italia, mbio za siku nyingi za kuzunguka Italia, Juni 1984, Mfaransa Laurent Fignon alikuwa mbele ya Moser kwa dakika 1 na sekunde 21. Mbio za kila mtu peke yake, kutoka Soave hadi Verona, kilomita 42. Moser alikuja na sahani, Fignon na baiskeli ya kawaida, na Moser akatwaa Giro kwa tofauti ya dakika 1 na sekunde 3. (Wafaransa wanalalamika hadi leo kuhusu helikopta iliyoruka chini karibu na waendeshaji. Huo ni upepo wa aina nyingine.)

Sahani ina adui wake, upepo wa ubavuni. Ikiwa mbele, upepo unaipiga kama tanga na usukani unataka kugeuka wenyewe. Ndiyo maana barabarani waendeshaji huiweka nyuma tu. Uwanja wa Mexico ulikuwa wazi, bila paa, hivyo kuweka sahani mbele na nyuma pale kulihitaji hewa tulivu na moyo. Na ukiipeleka kwenye saiklokrosi, zile mbio za matopeni zinazopendwa Ubelgiji na Uholanzi, hesabu yote inapinduka. Kule mtu anapunguza mwendo kila kona na kuondoka upya, anashuka, anaitia baiskeli begani na kukimbia nayo. Gramu za ringi zinarudi kudai, na vita vinahamia kwenye tairi, lisilopita milimita 33 kwa upana, na upepo mchache unaothubutu kulijaza.

Turudi uwanjani: ushahidi mzuri kuliko wote wa kazi ya vifaa na mkao aliutoa Mwingereza Chris Boardman. Mwaka 1996, uwanja wa Manchester, alikwenda kilomita 56.375 akiwa na vifaa vya kisasa na mikono imenyooshwa mbele kabisa. Mwaka 2000 shirikisho la dunia, UCI, liliamua rekodi irudi kwenye baiskeli ya aina ya Merckx: spoku, fremu ya mabomba ya mviringo, mikono ya kupinda. Boardman akarudi uwanja uleule na kupata 49.441, mita 10 tu mbele ya Merckx. Umri ulikuwa umesogea na afya yake haikuwa ileile, lakini miaka minne haimli mtu kilomita saba. Kwa hesabu ya nguvu, pengo hilo ni karibu mara moja na nusu.

UCI ilifungua tena mlango mwaka 2014. Wa kwanza kuingia alikuwa Mjerumani Jens Voigt, mwenye miaka 43, ndani ya uwanja wenye paa mjini Grenchen, Uswisi, juu ya magurudumu ya sahani. Alipata kilomita 51.110, pungufu ya Moser wa 1984 kwa mita 41.