Ufundi wa Kuikata Njia

Maharage yakishavunwa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, swali ni lile lile: bei imeshagusa chini, au bado itashuka? Anayedaiwa ada ya mtoto hana muda wa kulijibu, anauza. Mwenye nafasi husubiri. Jibu huja magunia yakiwa yameshapakiwa lumbesa na lori limeondoka.

Mwaka 1900, mjini Paris, Louis Bachelier alitetea tasnifu iliyoichukulia bei ya soko kama kitu kinachoyumba bila kukumbuka kilikotoka. Siku hizi mwendo huo huitwa mwendo wa Brown. Maharage yana misimu na madalali, kwa hiyo sidai kwamba Bachelier angemfaa mkulima. Ninachokisifu ni ufundi uliokuja baadaye, wa kuikata njia ya mwendo huo vipande.

Kukata pale bei inapogusa shilingi 2,000 kwa mara ya kwanza ni kazi nyepesi: ukifika unajua umefika, na yanayofuata huanza upya. Chini kabisa hapajitangazi. Unapapita tu, kupatambua kunataka uijue kesho yote.

Mwaka 1974 David Williams, mwanahisabati wa Wales, alikata pale pale chini kabisa. Chukua bei inayoyumba huku ikivutwa juu taratibu. Ukishaambiwa ilishuka hadi wapi, kati ya vipande viwili vinavyobaki, hakuna chenye habari za mwenzake. Cha pili hupanda kwa sharti la kutorudi tena pale chini. Hilo mtu angelikisia. Cha kwanza ndicho cha ajabu: hufuata sheria ya bei inayovutwa chini, kwa nguvu ile ile. Ukipewa kipande hicho peke yake utaapa kwamba soko limekufa.

Mwalimu wa hisabati, jaribu darasani. Kila mwanafunzi arushe dadu mara nyingi: 1 hadi 4 apande hatua moja, 5 au 6 ashuke. Achore njia yake kwenye karatasi ya miraba na kuikata pale ilipogusa chini kabisa kwa mara ya kwanza. Karibu nusu ya darasa hawatakuwa na cha kukata, maana njia zao hazitashuka chini ya zilipoanzia. Kusanyeni vipande vya kushoto vya waliobaki, mhesabu hatua zote. Takriban thuluthi mbili zitakuwa za kushuka.