Sanduku la Beret

Dada mmoja wa Norwe aliyefanya kazi hapa Nakivale alipomaliza mkataba wake alikiachia kikundi chetu cha kusoma vitabu vichache. Kabla hajaenda tulimuuliza alisomea nini, tukidhani atasema maji, au afya, au sheria. Akasema alisomea lugha na tamaduni za Skandinavia, chuo kikuu. Papa mmoja akashindwa kuvumilia: "Yaani ulikwenda chuo kikuu kusomea lugha ya mama yako? Kwani mama mwenyewe alikuwa wapi?" Tulicheka, na yeye akacheka. Halafu akachomoa kitabu kinene kisicho na jalada, akasema, "Jibu liko humu."

Kitabu chenyewe ni Giants in the Earth cha O. E. Rølvaag. Nimekisoma mara mbili, kwa Kiingereza, simu ikiwa mkononi kwa ajili ya kamusi. Mara ya kwanza nilikipenda bila masharti. Mara ya pili kilinikasirisha mahali fulani, na nadhani hasira hiyo inastahili kuandikwa kuliko mapenzi.

Hadithi ni hii. Mwaka 1873 familia chache za wavuvi kutoka kaskazini ya Norwe zinafika Dakota, nchi tambarare ya majani isiyo na mti wala jiwe. Serikali ya Marekani ilikuwa imetoa sheria mwaka 1862: chukua eka 160, kaa miaka mitano, lima, na ardhi inakuwa yako. Eka 160! Hiyo ni hekta 65 hivi. Mimi kiwanja changu unakimaliza kwa pumzi moja. Per Hansa, baba wa hadithi, analewa kwa ardhi ile. Anajenga nyumba ya mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya majani, binadamu na ng'ombe chini ya paa moja, na moyoni anajiona mfalme. Mke wake Beret anatazama nyika ileile na kuona kitu kimoja tu: hakuna pa kujificha. Ndivyo kinavyokwenda kitabu kizima, huyu akicheka na huyu akizama.

Wengi wanaoandika juu ya kitabu hiki wanamwita Beret mgonjwa wa akili, na mwandishi mwenyewe anawapa sababu. Nzige wanapokuja kumaliza ngano, Per Hansa anarudi nyumbani na kumkuta mke wake amejifungia na watoto wadogo ndani ya sanduku kubwa la mababu walilokuja nalo kutoka Norwe. Ni kweli, huo ni wazimu. Lakini jioni moja tulipojadili sehemu hiyo, mama mmoja wa Fizi, ambaye kwa kawaida anakuja kusikiliza tu, alisema: "Mwalimu, huyu mama hana wazimu. Ana hofu, na hakuna mtu wa kumwambia katika lugha yake kwamba hofu yake ni ya kweli." Nilibaki kimya. Siye wote tunajua lile sanduku. Wengine wetu ni mfuko wa nailoni wenye diploma, picha mbili na ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya vigingi. Per Hansa anagundua kwamba kwenye ardhi ya majirani zake kuna vigingi vya mpaka vyenye majina ya Wairishi. Kuna watu walitangulia. Anaving'oa kimyakimya, anavificha, baadaye anavichoma. Wairishi wanapokuja kudai hawana karatasi, wanashindwa, na kijiji kizima kinamshangilia Per Hansa kama shujaa. Beret peke yake hashangilii. Kwao Norwe kuhamisha alama ya mpaka wa jirani ni dhambi isiyosafishika. Hadithi za wazee wao zinasema mtu wa namna hiyo akifa hapumziki, anatembea usiku akibeba lile jiwe alilolihamisha. Na Biblia yake, ileile yetu, inamlaani katika Kumbukumbu la Torati 27:17. Sasa Beret anatazama jinsi mume wake, mtu mwema, anavyosifiwa kwa jambo ambalo nyumbani lingemfanya atengwe. Hapo ndipo anapoelewa kwamba hawakuhama nchi tu. Lile neno "dhambi" lenyewe limebaki ng'ambo.

Sisi tuliotoka Uvira, Fizi na Masisi hatuhitaji mtu wa kutufafanulia mambo ya mpaka wa shamba. Niliisoma sura ile nikiwa nimesimama.

Na sasa hasira yangu. Siku ya kwanza kabisa Per Hansa anapanda kilima kilicho kwenye ardhi yake mpya na kukuta kaburi la mwenyeji wa asili. Anaelewa, ananyamaza, hamwambii mke wake. Baadaye kundi la wenyeji linapiga kambi pale, yeye anamtibu mmoja wao mkono uliooza, na anapewa farasi kama shukrani. Sura nzuri, ya utu. Halafu wale watu wanaondoka na kitabu hakiwaulizi tena walikwenda wapi. Vigingi vya Wairishi vinamtesa Beret kurasa na kurasa. Kaburi haliitesi riwaya hata kidogo. Lakini mwaka 1862, miaka kumi na moja tu kabla ya mikokoteni ile kufika, serikali iliwanyonga wanaume 38 wa Dakota siku moja katika mji wa Mankato, Minnesota, baada ya vita vilivyotokana na njaa na mikataba iliyovunjwa, halafu watu wao wakafukuzwa jimboni. Dakota ni jina la watu kabla ya kuwa jina la ardhi. Mwandishi aliyeona dhambi katika kigingi cha mti angeweza kuona na hii. Hakuiona, au aliiona akapita. Nasema haya nikijua kwamba hata hapa tulipo, kabla ya sisi kulima, ng'ombe wa watu fulani walikuwa wanakula majani, na wenye ng'ombe bado tunakutana nao sokoni. Kwa hiyo simhukumu kutoka juu.

Turudi kwenye swali la papa yule. Rølvaag alizaliwa mwaka 1876 kisiwani Dønna, akavua samaki tangu akiwa kijana, akahamia Marekani mwaka 1896 akiwa na miaka ishirini. Alifanya kibarua shambani, akasoma kwa shida, na kuanzia 1906 hadi alipokaribia kufa mwaka 1931 alifundisha chuo cha St. Olaf, mji wa Northfield, Minnesota. Alifundisha nini? Kinorwe. Aliwafundisha nani? Watoto wa Wanorwe. Ndiyo, papa, umesikia vizuri: watoto wa watu waliokuwa wanasema Kinorwe jikoni walikwenda chuo kujifunza Kinorwe, na mwalimu alikuwa mvuvi wa zamani.

Chuo kile hakikuletwa na msaada kutoka nje. Wahamiaji wenyewe, wakulima na wachungaji wa kanisa, walikianzisha mwaka 1874. Mwaka uliofuata, 1875, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimpa Rasmus B. Anderson, mtoto wa wahamiaji, kiti cha lugha za Skandinavia. Chuo Kikuu cha Washington kilipata idara yake mwaka 1909. Somo ambalo dada yetu alilisomea, huko Marekani lilipandwa na watu waliokimbia umaskini na ardhi isiyotosha. Na ni somo la ajabu kidogo: Kinorwe, Kidenmaki na Kiswidi vinawekwa chumba kimoja kwa sababu wenye lugha hizo wanasikilizana kwa sehemu kubwa, kama vile Mrundi, Mnyarwanda na Muha wanavyosikilizana. (Sisi kwa kusikilizana huko hatujapata idara. Tumepata mengine.)

Giants in the Earth yenyewe haikuandikwa Kiingereza. Rølvaag aliiandika Kinorwe, akiwa Marekani, na ilitoka Norwe kwa sehemu mbili, 1924 na 1925. Toleo la Kiingereza la 1927 alilitengeneza pamoja na Lincoln Colcord, mwandishi Mmarekani asiyejua Kinorwe. Rafiki walimsaidia Rølvaag kuleta tafsiri ya neno kwa neno, Colcord akaipiga pasi. Ndilo lililompa jina Marekani. Na hapo mimi nina lalamiko la pili. Katika Kiingereza kila mtu anasema Kiingereza: Per Hansa, Beret, wale Wairishi, hata vijana wa Solum, ambao ndio peke yao kijijini waliozaliwa Marekani na wanaojua lugha ya nchi. Majira ya baridi ya kwanza kijiji kinamfanya Henry Solum kuwa mwalimu ili asiondoke, na shule inahamahama kutoka kibanda hadi kibanda. Ni jambo zito sana: lugha ya watawala inaingia mlangoni ikiwa imevaa sura ya jirani mpendwa. Lakini ukisoma kwa Kiingereza husikii kitu. Ni kama kuangalia filamu ya ngoma bila sauti. Hofu ya Beret kuhusu watoto wake inageuka kuwa huzuni tu ya mama, wakati ilikuwa na sababu zinazohesabika.

Sababu hizo zilionekana wazi mwaka 1918. Kwa ajili ya vita dhidi ya Ujerumani, gavana wa Iowa, Harding, alipiga marufuku lugha zote za kigeni hadharani, shuleni, kanisani, hata kwenye simu. Hawakuguswa Wajerumani peke yao. Wanorwe nao walinyamazishwa katikati ya ibada. Iowa ni jirani wa Minnesota. Rølvaag alikuwa anafundisha Kinorwe ng'ambo ya mpaka. Nikijua hilo, naisoma riwaya kama kazi ya mtu anayejenga nyumba huku anasikia tingatinga. Katika kitabu kilichofuata, Peder, mtoto aliyezaliwa kule nyikani na kupewa jina la pili lenye maana ya ushindi, jina ambalo mama yake alilipinga mbele ya mchungaji siku ya ubatizo, anakua akipenda Kiingereza na anaoa binti wa Kiirishi. Hapo Rølvaag hadanganyi. Aliijua hesabu.

Mwisho wa riwaya siupendi. Majira ya baridi ya 1881 rafiki wa Per Hansa anakufa taratibu na anataka mchungaji. Beret, ambaye sasa amepata dini kali, anamsukuma mume wake aende katika dhoruba ya theluji. Anakwenda. Mwezi wa tano watoto wanamkuta amekaa ameegemea rundo la majani makavu, uso kuelekea magharibi. Picha ile huisahau, kweli. Lakini angalieni mwandishi amemkabidhi nani mzigo. Mwanaume aliiota nyika, aling'oa vigingi, alinyamazia kaburi, na mwishowe anayemuua ni ulimi wa mke wake. Mama wa Fizi alisema kwa kifupi: "Ni wanaume waliandika." Papa wa Uvira akajibu kwamba Per Hansa angeweza kukataa. Tuligombana hadi taa ya sola ikazimika.

Ugomvi ule haukuwa juu ya Wanorwe tu. Kwa miezi minne sasa kikundi chetu kinabishana kama tuanzishe masomo ya Kifuliiru na Kibembe siku ya Jumamosi. Wazazi wengi hawataki. Wanasema mtoto ana Kiingereza cha shule, ana Kiswahili cha nyumbani na sokoni, ana Kinyankole cha majirani. Kichwa chake si ghala. Wanasema Kiingereza ndicho kitampeleka mbele, Kifuliiru kitampeleka wapi? Sina jibu la haraka, na Rølvaag hanipi. Kinorwe chake leo si lugha ya mitaa ya Northfield. Lakini chuo kile bado kinakifundisha, na wajukuu wa wajukuu wanaweza kusoma barua za wazee wao bila kumlipa mkalimani. Binti yangu juzi alimsikia bibi yake kwenye simu, akanirudishia akisema kwa Kiingereza kwamba sauti haishiki vizuri. Sauti ilikuwa inashika vizuri sana.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma gazeti hili mnapenda kutuuliza tunahitaji nini, nasi tunajibu turubai, mbegu, sabuni. Sitaomba idara ya chuo kikuu. Naomba chumba kimoja cha shule Jumamosi asubuhi, saa mbili hadi saa nne, na ruhusa ya kutumia ubao. Chaki tutanunua.

Kitabu kiko kwangu, kimefungwa kwa karatasi ya unga wa mgao kwa sababu ya jalada lililopotea. Anayekitaka aje Base Camp, aandike jina lake kwenye daftari, na asikae nacho zaidi ya wiki tatu. Ukurasa wa vigingi umekunjwa pembe. Si mimi niliyeukunja, nilikikuta hivyo.