Kisukuma ndani ya Kiswahili kilichoandikwa: jinsi watu wa Shinyanga na Geita wanavyojitambulisha kwa maandishi

Mtoto anayekulia katika vijiji vya Msalala, Nyang'hwale au Shinyanga Vijijini kwa kawaida huanza kuzungumza Kisukuma. Kiswahili hukutana nacho shuleni, mnadani, zahanati na kwenye redio, na ndicho anachofundishiwa kusoma na kuandika. Hivyo anakuwa na lugha mbili za kusema na moja tu ya kuandika, tena ni ile aliyojifunza baadaye. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 katika Mkoa wa Geita na zaidi ya milioni 2.2 katika Mkoa wa Shinyanga. Sehemu kubwa ya maandishi yanayopita kati yao, kuanzia daftari la mgao wa mawe kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hadi tangazo la msiba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ni Kiswahili cha lugha ya pili. Kikisomwa kwa makini, Kiswahili hicho huonyesha mwandishi ametoka wapi, na mara nyingi huonyesha pia angependa atambuliwe kama nani. Mambo hayo mawili si kitu kimoja, ingawa shuleni yote husahihishwa kwa kalamu ileile nyekundu.

Kisukuma chenyewe kiliwahi kuandikwa. Wamisionari walikiwekea herufi, Agano Jipya likatoka 1925 na Biblia nzima 1960. Lakini baada ya uhuru, na hasa kuanzia 1967, Kiswahili kilishika shule ya msingi yote. Kwa watu wazima, hatua kubwa ilikuwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima yenye kuambatana na kazi, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kati ya 1968 na 1972, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilipangwa kwa kufuata kazi ya msomaji: mkulima wa pamba alisomea pamba, mfugaji alisomea ng'ombe, mvuvi alisomea samaki. Wakati wa sensa ya 1967, watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa takribani theluthi mbili. Kufikia mtihani wa kitaifa wa 1986, takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Waliosoma hivyo walipewa pia gazeti lao, Elimu Haina Mwisho, ili wasisahau walichojifunza. Kazi hiyo ilistahili heshima inayopewa. Ilikuwa na pengo moja tu: ilimfundisha mtu kuandika kuhusu shamba na mifugo yake, lakini haikumwonyesha namna ya kuandika jina lake, salamu yake na usemi wa kwao. Hayo aliachiwa atafute mwenyewe.

Alama ya kwanza ya mwandishi wa lugha ya pili ni sauti. Kisukuma hakina r, wala hakina sauti za dh, th na gh ambazo Kiswahili kilizipokea kutoka Kiarabu. Anayeandika kwa kufuata sikio lake huandika l, z, s na g mahali pake. Katika ukanda wa dhahabu athari yake inaonekana kila siku, kwa sababu jina la madini yenyewe lina dh. Hapo ndipo "samani ya zahabu" huchukua nafasi ya "thamani ya dhahabu", na msomaji wa mbali anaweza kudhani habari ni ya meza na viti. Mwandishi huyohuyo akijaza fomu huandika "dhahabu" bila kosa, maana neno limekwisha kuchapwa mbele yake naye analinakili. Jioni akimwandikia mwenzake kwenye simu, sikio linarudi kazini.

Kosa linalofundisha zaidi ni la upande wa pili. Mtu aliyewahi kuchekwa darasani kwa kuandika "zahabu" huanza kuitafuta dh hata pasipohitajika, akaandika "dhawadi" kwa zawadi au "dhamani" kwa zamani. Aliyekaripiwa kwa kuchanganya l na r huandika "kurara" kwa kulala. Makosa haya ya kupitiliza hayatoki kwenye Kisukuma, wala hayatoki kwenye Kiswahili. Yanatoka kwenye hamu ya mtu kuonekana amesoma, na kwa hiyo ni ushahidi wa utambulisho sawasawa na salamu ya kienyeji.

Kuna sababu ya hamu hiyo. Katika vichekesho vya redio na televisheni, lafudhi ya Kanda ya Ziwa imetumika kwa miaka mingi kumwonyesha mtu aliyetoka shamba, asiyejua mji. Msikilizaji wa Kahama anajua kwamba anayechekwa ni yeye. Lafudhi hiyohiyo ilisikika pia Ikulu kuanzia 2015 hadi 2021, wakati wa urais wa John Magufuli wa Chato, mkoani Geita, ambaye kwenye mikutano ya kanda hiyo hakusita kuchanganya Kisukuma. Mwandishi wa kawaida yuko kati ya picha hizo mbili, na mara nyingine hubadilika kutoka moja hadi nyingine ndani ya ujumbe mmoja.

Ugumu unakuwa mkubwa zaidi mtu anapotaka kuandika Kisukuma chenyewe. Lugha hiyo ina irabu saba, na alfabeti ya Kiswahili ina tano. Ina pia toni zinazobeba maana, na toni hizo zina tabia ya kuhama kutoka silabi zake na kujitokeza mbele zaidi katika neno, jambo ambalo mwanaisimu Irvine Richardson alilichunguza katika kitabu chake cha 1959 na Herman Batibo, mwanaisimu Mtanzania, akaliendeleza katika utafiti wake juu ya fonolojia ya Kisukuma, uliochapishwa 1985. Wataalamu huweka alama juu ya irabu, lakini simu ya kawaida ya mchimbaji haina kitufe cha alama hizo. Akiandika Kisukuma kwa herufi za Kiswahili, irabu mbili huangukia herufi moja na toni hupotea kabisa. Msomaji anayeijua lugha hukisia kwa kufuata muktadha. Kwa maneno matatu inawezekana, kwa ukurasa mzima inachosha. Ndiyo maana Kisukuma kinachoandikwa na watu wa kawaida huwa kifupi: jina, salamu, methali, mstari wa wimbo.

Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita, inatosha kuonyesha hali hiyo. Katikati ya jina kuna sauti ya pua inayotoka na pumzi, na kwa Kisukuma huandikwa ng'h. Zipo pia mh na nh za namna hiyo. Kiswahili sanifu hakina sauti hizo. Kuandika jina hilo sawasawa kwenye simu kunahitaji kuacha ukurasa wa herufi, kwenda ukurasa wa alama, kuchukua ritifaa, kisha kurudi. Wengi hawaendi. Hivyo wilaya moja inaandikwa Nyanghwale, Nyang'wale na Nyangwale, na mtoto anayejifunza kuandika jina la kwao hana hakika ni lipi la kufuata.

Majina ya watu yako katika hali ileile, na ndipo suala linapogusa haki. Wasukuma humpa mtoto jina linaloeleza alivyozaliwa: Mabula au Kabula kwa mvua, Mayala kwa njaa, Shija kwa anayewafuata mapacha Kulwa na Doto. Hayo Kiswahili huyapokea bila shida. Yanayosumbua ni yale yanayoanza na ng'w, kwa kuwa pale Kisukuma kinaposema ng'w Kiswahili mara nyingi kina mw: ng'wana ni mwana. Mwandikishaji aliyelelewa katika Kiswahili humsikia Ng'wandu akaandika Mwandu, mwingine huacha ritifaa akaandika Ngwandu, na ndugu wa tumbo moja wanajikuta na majina matatu. Cheti cha kuzaliwa kikitofautiana na cha shule, na vyote viwili vikitofautiana na kitambulisho cha taifa, mwenye jina ndiye anayelipia hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Mahali ambapo mtu anajiandika mwenyewe, mwelekeo hubadilika. Wasanii wa nyimbo za Kisukuma wanaosikilizwa kupitia simu hulibeba Ng'wana mbele ya jina la mzazi kama cheo. Mwimbaji Bhudagala Ng'wanamalonja huandikwa pia Budagala Mwanamalonja, kutegemea nani ameshika kibodi. Bh na ng'w vinamweka Usukumani moja kwa moja; b na mw vinamfanya asomeke kirahisi Dodoma au Tanga. Kwa msanii huo ni uamuzi wa soko na wa asili kwa wakati mmoja.

Katika sarufi, alama iliyo kubwa kuliko zote ni -ga. Kiswahili sanifu huonyesha jambo la kawaida kwa hu-: wachimbaji huamka alfajiri. Kiambishi hicho kina mipaka: hakimwonyeshi mtendaji ni nani, hakikubali wakati uliopita, na hakikanushiki. Kisukuma, kama lugha nyingine nyingi za bara, kina -ag- inayokaa karibu na mwisho wa kitenzi na kufanya kazi katika nyakati mbalimbali. Mwanafunzi wa lugha ya pili akiihamisha anapata "tunachimbaga", "tulichimbaga" na "hatuchimbagi", yaani seti kamili ambayo hu- haiwezi kuitoa bila msaada wa maneno mengine. Leo "sijuagi" na "anapendaga" husemwa na kuandikwa Dar es Salaam na watu wasiojua hata salamu ya Kisukuma. Kwenye mtihani bado ni kosa, na mwanafunzi hana budi kulijua hilo. Lakini kuliita ulegevu wa watu wa bara ni kutolitazama vizuri. Wanaojifunza lugha waliona palipokuwa na upungufu, wakapajaza kwa kilichokuwa mkononi, na wenye lugha wakakipokea.

Ka- ya udogo imepita njia hiyohiyo: "kaduara", "kamshahara", na wingi wake "tu-". Mchimbaji anayeandika kwamba amepata "kadhahabu kidogo" anapima maneno yake mbele ya ndugu na wadai. Ki- ya Kiswahili sanifu haina unyenyekevu huo.

Jinsi lugha mbili zinavyogawana ujumbe mmoja huonekana vizuri katika tangazo la msiba. Umbo lake la kawaida ni hili: "Mwangaluka bhadugu. Mzee wetu wa Kakola amefariki usiku wa kuamkia leo. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Michango itumwe kwa mhazini. Mwabeja." Salamu ya asubuhi kwa ndugu na shukrani ya mwisho ni Kisukuma, saa, mahali na fedha ni Kiswahili. Mpangilio huu una sababu. Katika kundi wamo wakwe kutoka Mara na Kigoma na vijana waliozaliwa mjini, na hakuna anayetaka mtu akose mazishi kwa kutoelewa saa. Salamu haina habari mpya, kwa hiyo inaweza kubeba ukoo. Mwabeja inaelekezwa kwa wengi au kwa mkubwa, wabeja kwa mmoja wa rika. Wapo wanaouchukua utaratibu huo hadi kwenye Kiswahili na kumwandikia mzee mmoja "mmeamkaje baba".

Kwenye machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na Mwakitolyo mambo hugeuka, kwa sababu duara moja huwa na watu wa makabila mengi. Pale Kiswahili ndicho lugha ya wote, na utambulisho unaoandikwa ni wa kazi: rashi (mkurupuko wa dhahabu), karasha (mashine ya kusaga mawe), matimba (miti ya kuzuia duara lisiporomoke), marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), mwalo (mahali pa kuoshea dhahabu). Asiyeyajua maneno hayo anajulikana kuwa mgeni mara tu anapotuma ujumbe, hata kama ni Msukuma wa Geita mwenyewe. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, karatasi za kuuzia zimeongezeka, na pamoja nazo umuhimu wa kuandika kwa usahihi, maana jina lililokosewa kwenye hati linaweza kuzuia malipo.

Mahali pengine duniani suala hili limechunguzwa zaidi kwa wahamiaji. Mwaka 2000 mtafiti Wan Shun Eva Lam alichapisha utafiti juu ya kijana kutoka Hong Kong aliyekuwa Marekani. Darasani Kiingereza kilimshinda na kumvunja moyo, lakini akiandikiana na marafiki wa kimataifa waliopenda muziki uleule aliandika kwa kujiamini. Lam alionyesha kwamba kinachomfungua mwanafunzi ni kupata wasomaji wanaomtambua. Hilo linafanana na Shinyanga, kwa tofauti moja nzito: Kiswahili si cha wageni kwa Msukuma. Hata mwandishi Euphrase Kezilahabi, wa Kanda ya Ziwa pia ingawa si Msukuma, alizaliwa Ukerewe 1944 katika familia ya Wakerewe, akaandika Rosa Mistika na mashairi ya Kichomi kwa lugha yake ya pili, na fasihi ya Kiswahili ikabadilika.

Kwa hiyo mwalimu wa Kahama au Geita anayesahihisha insha, na mhariri anayepokea barua kutoka huko, wana kazi mbili, na wasizichanganye. "Zahabu", "samani" na "dhawadi" zisahihishwe, na sababu ya kila moja ielezwe kwa kutaja sauti za Kisukuma, ili mwanafunzi ajue kosa limetoka wapi na aache kujiona mjinga. "Tunachimbaga" iwekewe mipaka: kwenye mtihani, hapana; kwa mwenzako, ndiyo. Jina Ng'wandu liandikwe kama mwenyewe anavyolitamka, likiwa na ritifaa yake, kuanzia daftari la mahudhurio la darasa la kwanza.