Hukumu Iliyotoka Kambi ya Simba

Nilipokuja nyumbani Daa wakati wa likizo, Baba mdogo aliniuliza swali ambalo hakuna mwalimu wangu wa chuo aliyewahi kuniuliza. "Wewe si unasoma sheria? Hebu nieleze, kitu juu ya ardhi ni nini?"

Swali lile lilikuwa na historia yake. Miaka michache iliyopita barabara ilipanuliwa, ikala ukingo mrefu wa shamba lake. Wapimaji walikuja, wakahesabu mikaratusi mitatu, wakamlipa mikaratusi mitatu. Ardhi yenyewe hawakuilipa, kwa kuwa mwaka ule alikuwa ameipumzisha, na kwa maneno yao "haikuwa na kitu juu yake". Sasa, anayeifahamu Karatu anajua kwamba shamba la mteremkoni halikai pale kwa hiari yake. Ukiliacha mvua mbili tatu, maji yanachimba korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka. Ukingo ule Babu aliuwekea makinga maji kwa jembe la mkono kabla mimi sijazaliwa, akaupelekea samadi ya zizini mwaka hadi mwaka, na wanawe wakaendelea baada yake. Kazi ya namna hiyo haina shina la kuhesabu.

Jibu sikuwa nalo, ila simu nilikuwa nayo. Mwanafunzi wa sheria wa siku hizi habebi tena majuzuu. Hukumu ziko kwenye tovuti ya TanzLII, na ukizihifadhi mapema unaweza kuzisoma hata bondeni ambako mtandao haufiki. Mojawapo niliyokuwa nimeihifadhi ni ile ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, iliyotolewa na Mahakama ya Rufani Desemba 1994. Darasani ilitumia dakika kumi. Tuliandika kanuni yake kwa mistari mitatu tukahamia kesi nyingine. Nakiri kwa aibu kwamba mimi, mtoto wa Karatu, sikuwa nimeshtuka kuona kwamba Kambi ya Simba inayotajwa mle ni hii hii ya Mbulumbulu, ambako nimewahi kwenda harusini.

Kwa kifupi mambo yalikuwa hivi. Januari 1987 baba na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba, wakati Karatu bado ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha wakidai kipande cha ardhi walichokishika kimila. Walishinda. Rufani ikiwa bado inasubiri, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992. Sheria ile ilifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa Operesheni Vijiji, ikakataza fidia kwa kufutwa huko, ikazizuia mahakama kusikiliza madai ya namna hiyo, na ikazima hata kesi zilizokwisha kufunguliwa. Yaani mtu aliyeshinda mahakamani aliamka siku moja akaambiwa kwamba ushindi wake haupo, na mahakama ya kwenda kulalamika haipo vilevile. Wale wawili hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu wakiishika Katiba, na Serikali iliposhindwa huko ikakata rufani.

Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, na mimi nataka kuisoma hapa kama mtu anavyosoma kitabu: kipi kimenikaa na kipi hapana.

Kilichonikaa kwanza ni ujasiri wa hoja. Serikali ilidai kwamba haki ya kimila si mali, kwa sababu ardhi yote ni ya umma na iko mikononi mwa Rais. Jaji akajibu kwamba Rais ni mdhamini tu, na mdhamini hawezi kujigeuza mwenye kufaidi. Kama hoja ya Serikali ingekubaliwa, alisema, wengi wa wenyeji wa nchi hii wasingekuwa na tofauti na wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe. Basi haki ya kimila ni mali, na Ibara ya 24 ya Katiba inailinda. Vifungu vilivyokwenda kinyume na hapo vikaanguka.

Cha pili ni pale alipofika kwenye swali la Baba mdogo. Je, fidia ni ya nyumba na miti peke yake? Jaji alisema hapana. Hata pasipo na kitu cha kuonekana, ikiwa mwenye ardhi ameiwekea jitihada fulani, anastahili ulinzi na fidia. Na nguzo ya hoja hii aliichukua kwa Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya 1958 kuhusu mali ya taifa, kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu lakini jasho la mtu aliyeifyeka na kuilima ni lake. Hapo nilicheka peke yangu. Sheria iliyokuwa ikipigwa ilitungwa ili kuyalinda matunda ya Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa na Serikali ya Mwalimu huyo huyo miaka ya 1970. Nyerere wa 1958 aliletwa mahakamani kumkosoa Nyerere wa 1974. Jaji hakusema hivyo, wala hakuhitaji kusema.

Lakini ukosoaji si kusifu tu. Ninayo manung'uniko mawili, moja dogo na jingine kubwa.

Dogo ni kwamba baba na mwana wanatokea mwanzoni, kisha wanapotea. Tunajua kijiji chao, kata yao na mwezi waliofungua kesi. Hatujui walilima nini, wala kipande kile kilikuwa kwao na maana gani. Huenda jaji ataniambia kwamba hiyo si kazi ya hukumu. Hata hivyo hukumu inayosimama juu ya jasho ingependeza kama ingetuonyesha mtu anayetoka jasho.

Kubwa ni hicho kipimo chenyewe. Jasho lililopimwa pale ni jasho la jembe. Kwetu sisi Wairaqw linatutosha kabisa. Ukingo wa Babu unaingia humo bila kubanwa. Lakini panda gari kutoka Karatu mjini, na baada ya mwendo mfupi uko kwenye lango la Lodoare, ambako mbele yake kuna sheria nyingine, ile ya Hifadhi ya Ngorongoro ya 1959, na watu wengine. Mmasai anayelihama eneo la malisho ili majani yapone ameiwekea ardhi jitihada gani? Kwa macho ya mpimaji wa mikaratusi, ameondoka tu. Na Mhadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, anayejua kila mbuyu wenye nyuki, na ambaye sifa yake ni kuiacha ardhi kama alivyoikuta? Ukisema haki inatokana na kuibadilisha ardhi, umemtoa nje kabla hajafungua kinywa. Simlaumu jaji kwa kesi ambayo haikuwa mbele yake. Nawalaumu wanaoinukuu kana kwamba imemaliza kila kitu.

Jambo hili si la vitabuni. Tangu 2022 familia kadhaa zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, na ubishi juu ya hiari yao haujakwisha. Agosti 2024 kulitoka amri ya Serikali ya kufuta vijiji na kata za Ngorongoro, watu wakajaa barabarani, kisha Mahakama Kuu Arusha ikaisimamisha. Siku hiyo nilikuwa chuoni, na habari zilinijia kwa sauti za WhatsApp kutoka kwa jamaa wa Karatu. Wa kwanza alisema vijiji vimerudi moja kwa moja. Wa pili alisema kesi imekwisha. Wa tatu, dereva wa watalii, alisema hakuna lililobadilika ila magari yanapita. Nilijaribu kuwaeleza kwamba kusimamisha si kufuta, nikaambiwa naleta Kiingereza.

Na hapo walinigusa. Katiba yetu ya 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, na Ibara ya 24 inayo maneno mazuri kabisa, "fidia inayostahili", ambayo Baba mdogo anayaelewa bila mkalimani. Hukumu inayoyafafanua maneno hayo imeandikwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili yalipelekwa Ulaya kufasiriwa, na hayakurudi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jema. Lakini hukumu za zamani, ambazo ndizo tunazozitegemea kila siku, ziko pale pale zilipokuwa, isipokuwa sasa mtu anaweza kushindwa kuzisoma akiwa popote.

Tulikaa chini ya mti jioni mbili, mimi nikifasiri, Baba mdogo akiandika kwenye daftari la mwanawe wa darasa la sita. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote. Kila nilipojificha nyuma ya neno kubwa alisimamisha kalamu. "Jitihada fulani" aliiandika mara mbili, akapiga mstari chini yake. Nilimsomea pia sheria mbili za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ambazo ziliipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya kupewa na Serikali, na zikataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Hizo hakuziandika zote. Alisema mstari wa Kambi ya Simba unamtosha, kwa sababu ni wa watu anaoweza kuwaendea.

Kisha akauliza ulitolewa lini.

"Elfu moja mia tisa tisini na nne."

Alihesabu kwa vidole. "Mwaka huo nilikuwa napeleka ng'ombe Mbulumbulu. Nimelala Kambi ya Simba pale mara nyingi tu. Tuliongea habari za mvua, za bei, za siasa za vyama vingi." Alifunga daftari. "Hii hakuna aliyeniambia."

Jumatatu alivaa koti, akalitia daftari mfukoni pamoja na stakabadhi ya mikaratusi, akaniambia nibaki nyumbani niangalie ng'ombe, kwa kuwa alitaka kuisoma mwenyewe.