Ukimya Usio Tafsida: Upokezi wa Albamu ya *Behaviour* ya Pet Shop Boys

Albamu ya *Behaviour* ya kundi la Pet Shop Boys la Uingereza ilitolewa Oktoba 1990. Miaka miwili kabla yake, Neil Tennant na Chris Lowe walikuwa wametoa *Introspective*, albamu ya nyimbo sita tu, kila mmoja ukizidi dakika sita, zenye mdundo wa kumbi za disko. Kufikia hapo walikuwa wameshika nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza mara nne. *Behaviour*, iliyorekodiwa mjini Munich pamoja na Harold Faltermeyer kwa kutumia sinthesaiza za analogi, ilikuwa tulivu na yenye huzuni iliyozuiliwa. Albamu ilifika nafasi ya pili. Lakini “Being Boring”, wimbo unaoifungua, ulipotolewa peke yake uliishia nafasi ya 20. Leo wahakiki wengi huuhesabu wimbo huohuo miongoni mwa kazi bora za wawili hao.

Tofauti hii inaweza kuelezwa kwa dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio. Mnunuzi wa 1990 aliupima wimbo kwa mizani ya disko akaona umepungukiwa. Msikilizaji wa baadaye hakuwa na mizani hiyo. Maelezo haya yanafaa, ila hayatoshi. Yanaonyesha kwa nini utulivu ulichukuliwa kuwa upungufu. Hayaonyeshi utulivu huo unafanya kazi gani katika utungo.

“Being Boring” una beti tatu zinazofuata maisha ya nafsineni: karamu za ujanani, kuondoka nyumbani katika miaka ya 1970, kisha miaka ya 1990, ambapo baadhi ya wenzake hawapo tena. Sababu ya kutokuwapo kwao haitajwi. Tennant ameeleza hadharani kwamba wimbo unamhusu rafiki yake aliyefariki kwa UKIMWI, na uhakiki mwingi huanzia kwenye maelezo hayo, ukiuchukulia wimbo kuwa fumbo lililokwisha kufumbuliwa. Hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Fumbo huficha ili lifumbuliwe. Tafsida huweka neno laini mahali pa neno kali. Katika wimbo huu hakuna neno lililobadilishwa, wala dokezo la kumfikisha msikilizaji kwenye jina la ugonjwa. Pana pengo, na muziki hauliziba: ubeti wa tatu unaimbwa kwa mahadhi yaleyale ya ubeti wa kwanza, kisha kiitikio kilekile kinarudi. Kilichosikika mwanzoni kama sifa za ujana sasa kinasikika kama tanzia, ingawa hakuna aliyeomboleza.

Yaweza kupingwa kwamba ukimya huo ulikuwa tahadhari tu, kwa kuwa Tennant hakutangaza hadharani kwamba yeye ni shoga hadi 1994. Huenda. Hata hivyo, chanzo cha ukimya ni jambo moja, na kazi yake ndani ya utungo ni jambo jingine. Wasifu wa mtunzi unafaa kuja baada ya kuusikiliza wimbo, si kabla yake. Wanunuzi wa 1990 waliliona pengo hilo kuwa kasoro. Wahakiki wa baadaye wakaharakisha kulijaza. Pande zote mbili hazikuliacha liseme.